Kompyuta ya marehemu mdogo wangu inaitika jina moja tu, na nyumbani jina hilo halitajwi

Wakuu, heshima kwenu. Haya ninayoyaandika yametokea nyumbani kwetu Lemara, hapa Arusha, na nimeyaona kwa macho yangu. Sijaongeza chumvi.

Kompyuta ya mdogo wangu, ambaye tumeshamzika, iligoma kutufungulia mafaili yake. Tulijaribu kila njia. Ilikubali pale tu tulipoiita kwa jina la marehemu mwenyewe.

Na jina hilo kwetu haliruhusiwi kutamkwa.

Ngoja nirudi nyuma.

Sisi ni Waarusha. Mama ni Mlutheri wa kila Jumapili, lakini bibi yetu, mama yake baba, tunamwita Koko, anaishi kule juu Sambasha na anashika mila. Kwa mila hiyo mtu akifa, jina lake linazikwa naye. Ukilitaja unamsumbua, na unawachoma waliobaki.

Koko hatanii na jambo hili. Jina la babu lilifanana na neno la Kimaa la mvua. Tangu babu afariki, Koko hasemi mvua. Anasema "maji ya juu". Sisi wajukuu tumekua tukisikia hivyo, na kwenye masika tunacheka kidogo, lakini hakuna anayemsahihisha.

Kwa hiyo hata hapa sitaliandika jina la mdogo wangu. Penye jina nitaweka JINA. Mtanivumilia.

Mdogo wangu ndiye alikuwa fundi wa nyumba. Alitengeneza network ya pale home: desktop yake chumbani, laptop ya dada yetu Naserian sebuleni, na printa moja iliyochomekwa kwenye desktop. Naserian ni mwalimu wa shule ya msingi, mitihani yake yote ilikuwa inapita kwenye printa ile.

Desktop aliipa jina lake mwenyewe. Ukifungua network kwenye laptop ya Naserian, unakuta imeandikwa JINA. Ndani kuna folder moja amei-share, inaitwa SAUTI.

Basi ikawa mtu na mashine wana jina moja. Naserian akishindwa ku-print anapiga kelele kutoka sebuleni, "JINA amelala!" Naye anajibu chumbani, "Mimi au mashine?" Mama anadakia jikoni, "Wote wawili, amkeni!"

Huo ulikuwa utani wa kila wiki.

Aliugua tumbo, akapasuliwa, hakurudi nyumbani. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Kwenye mazishi mchungaji aliposoma wasifu na kutaja jina, Koko alinyanyuka polepole akaenda kusimama kwenye migomba mpaka wasifu ukaisha. Hakugombana na mtu. Baada ya mazishi akasema harudi Sambasha mpaka msalaba wa saruji uwekwe kaburini. Mpaka leo yupo, analala chumba kimoja na Mama.

Sasa tatizo.

Desktop ilibaki inawaka vilevile alivyoiacha. Hakuwa na tabia ya kuizima, na alikuwa na UPS, ile betri ya akiba, chini ya meza kwa ajili ya umeme wetu huu. Siku moja Naserian akafagia chumba kile, bila kujua akachomoa waya wa network. Akarudi sebuleni ku-print mtihani, laptop ikamwambia haiioni mashine.

Mazoea ni kitu kibaya. Akapaza sauti kama zamani.

"Mama, JINA hapatikani!"

Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimetoka kwangu Daraja Mbili kuwaletea mkaa. Nilimwona Mama akitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakwenda kwa Naserian. Alikwenda mlangoni, akafungua, akaangalia nje kuelekea getini.

Akasimama pale.

Kisha akafunga mlango, akarudi jikoni.

Koko alikuwa kwenye kochi. Akamwambia Naserian kwa Kimaa, kwa upole kabisa, "Hicho chombo kibadilishwe jina. Leo."

Mama naye akasema kutoka jikoni, "Mbadilishie, mwanangu. Iite Ofisi."

Naserian akarudisha waya, akaingia kwenye settings za desktop, akafuta jina la marehemu, akaandika OFISI. Mashine ikamwomba a-restart. Aka-restart.

Wakuu mnaojua mambo haya mmeshaona shimo lilipo.

Mashine iliporudi, ikadai password. Muda wote ule ilikuwa imefunguliwa na mwenyewe kabla hajaenda hospitali. Password aliijua yeye tu.

Printa haikuwa shida. Tulihamishia waya wake kwenye laptop, ikafanya kazi. Shida ni folder ya SAUTI.

Mdogo wangu aliimba besi kwenye kwaya. Jioni alikuwa anajirekodi sebuleni akifanya mazoezi, Mama akimkosoa kutoka jikoni, wanacheka. Rekodi zote alizihamishia kwenye desktop akafuta kwenye simu. Mama anatumia simu ndogo ya kitochi, hana hata voice note moja ya mtoto wake.

Siku ile alisema kitu kimoja tu. "Mimi nataka nimsikie. Hayo mengine mtajua wenyewe."

Nikaanza kazi. Si mtu wa IT, nakagua mita za maji, lakini napenda kwenda hatua kwa hatua.

Kwanza niliangalia kama laptop inaiona desktop kwa jina jipya. Inaiona. Nikaangalia network kama imewekwa private na sharing imewashwa. Iko sawa. Nikafungua OFISI kutoka kwenye laptop. Ikaleta kidirisha: username na password.

Nikajaribu majina ya ukoo, mwaka wa kuzaliwa, timu yake ya mpira, jina la mbwa wetu wa zamani. Hola. Naserian akasema jaribu jina la yule mchumba wake. Mama akauliza, "Mchumba gani?" Nikainamia laptop, nikalijaribu. Nalo hola.

Nikamleta fundi mmoja wa Kaloleni. Akaitazama mashine, akatoa bisibisi mfukoni.

"Bro, hii nafungua mfuniko, natoa hard disk, naisomea kwangu. Kitu kidogo sana."

Mama alikuwa mlangoni.

"Hospitali walimfungua," akasema. "Na hiyo nayo mnataka kuifungua?"

Fundi akarudisha bisibisi. Akasema, "Shikamoo mama, pole sana," akaondoka. Chai tuliyomwandalia hakuinywa.

Kwa hiyo mnaotaka kuniandikia "ng'oa disk" au "flash password", nawaelewa. Mama hataki iguswe, na mimi siwezi kubishana naye juu ya hilo.

Nikakaa na ile laptop nikijiuliza: kwa nini zamani Naserian hakuwahi kuulizwa password? Nikafungua Credential Manager, pale Windows inapotunza password zilizohifadhiwa. Na kweli, imo. Mdogo wangu aliiingiza mara moja, akaihifadhi, ili dada yake asisumbuke. Password ni nukta tupu, Windows haikuonyeshi.

Lakini imehifadhiwa kwa ajili ya mashine inayoitwa JINA. Laptop ikiita OFISI, haiutumii ufunguo ule. Ufunguo tulikuwa nao, ila unatoka mfukoni kwa jina moja tu.

Dawa ipo. Ndani ya Windows kuna faili dogo linaitwa hosts. Unaandika namba ya mashine kwenye network, mbele yake unaandika jina unalotaka laptop itumie kuiita. Ningeandika jina la marehemu pale, laptop ingeita kwa jina la zamani, na ufunguo ungefanya kazi.

Yaani ni lazima aitwe.

Nikamweleza Mama. Akasema, "Mwambie Koko. Mimi siwezi kumficha mambo kwenye nyumba moja."

Nikaenda kwa Koko, nikainamisha kichwa, akanigusa utosini kama kawaida yetu. Nikamweleza.

"Unataka kumwita," akasema.

"Si mimi, Koko. Mashine inaita mashine. Hakuna sauti."

"Na nani anaituma iite?"

"Mimi."

"Haya, basi ni wewe. Usinizungushe kama wakili. Ikiitwa, itaitika?"

"Nadhani itaitika."

Akavuta shuka lake mabegani, kulikuwa na baridi ya mwezi wa sita. Akamtazama Mama kwa muda. Halafu akachukua fimbo.

"Naenda kuchukua maziwa kwa jirani. Na leo nitakaa kupiga soga. Nikirudi nisikute mtu anaitwa humu."

Alipotoka getini nikaliandika. Herufi za jina la mdogo wangu, moja moja, wakuu. Nilikuwa sijaliandika tangu siku ya cheti cha kifo.

Nika-ping kwanza, yaani laptop iiite mashine tuone kama itajibu. Mistari ikaja: reply, reply, reply.

Naserian akashika mdomo. "Kaitika."

"Usiseme hivyo," Mama akamwambia. Lakini alikuwa ameshavuta kiti.

Nikafungua folder. Haikuuliza chochote. SAUTI yote ikatandazika mbele yetu. Nikachomeka flash, nikaanza ku-copy. Mama anaangalia ule mstari wa kijani unavyosogea kama mtu anayeangalia dripu.

Ikamaliza. Nikasogeza mshale kwenye rekodi ya juu kabisa, nikamwangalia Mama, akatikisa kichwa kukubali.

Naserian akanishika mkono.

"Subiri. Zote zinaanza vilevile."

Nikakumbuka. Mwalimu wa kwaya aliwataka kila mmoja ajitambulishe kabla ya kuimba, ili asichanganye rekodi za watu. Mdogo wangu alifanya hivyo hata sebuleni kwake. "Naitwa JINA, besi, mazoezi ya nyumbani." Kila faili. Na humo katikati Mama mwenyewe anasikika akimwita.

Wakati huohuo geti likalia. Koko na maziwa yake.

Nikafuta ule mstari kwenye hosts, kama Koko alivyotaka. Mama akachomoa flash, akaifunga kwenye pindo la khanga.

Baadaye nikamwambia Mama naweza kukata mwanzo, nikaacha wimbo tu. Program za bure zipo.

"Umkate jina lake mwenyewe mdomoni?" akaniuliza.

Naserian akampa earphone zake asikilize peke yake chumbani. Akazirudisha. "Nimsikilize mwanangu kwa kuibia? Nimeiba nini?"

Nikamwambia basi amuulize Koko. Marehemu akijitaja mwenyewe, kwa sauti yake, hiyo nayo imekatazwa? Mama akaendelea kuchambua mchele. Nilidhani hakunisikia.

"Nikimuuliza akasema hapana," akasema, "nitabaki na nini?"

Nilichojifunza, wakuu, upande wa mashine ni chepesi. Kabla hujabadilisha jina la kompyuta inayo-share vitu, jua nani anaingia kwa jina gani na password iko kwa nani. Usi-restart mashine ya marehemu kabla hujatoa kilicho chake. Na ninyi wazima mnaotegemewa na familia, mwachieni mtu mmoja password.

Upande wa pili sijajifunza kitu bado. Kama kuna Mwarusha, Mmeru au Mmasai humu anayejua mila hii kuliko mimi, naomba mawazo yake. Wenye kejeli, leo nipisheni kidogo.

Nilikuwa Lemara juzi. Saruji ya msalaba imeshaletwa, fundi wa kuchora maandishi ameuliza jina liandikweje, na hakuna aliyemjibu. Koko bado yupo. Flash iko kwa Mama, na hajamsikia mtoto wake.