R ya Shangazi

Nimechoka na watu wanaokuja Bungoma kutuambia kwamba mkataba wa biashara huru umefungua soko la Ulaya, kwa hivyo ajira zitajaa. Ajira ilikuja, sikatai. Ilikuja na fomu.

Shangazi yangu na wanawake wenzake wa Kabuchai walipata kazi ya kuchuma mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayoliwa na maganda yake. Walikatazwa kufuga kucha, maana ukucha huikwaruza mishiri na Mzungu haitaki. Mimi nikapata kazi Kitale, kwenye stoo ya kupakia, kwa sababu lazima iandikwe, kwa herufi na namba, kila kreti imetoka kipande gani cha shamba. Kosa moja tu, mzigo haupandi ndege. Niliajiriwa kuzuia kosa hilo, na kucha zangu nilizipaka rangi.

Siku moja shangazi akanipigia simu kutoka shambani. "Andika R nne."

Sasa, kwetu mlango ni mrango na lori ni roli. Mimi niliyesoma nikajua mara moja anamaanisha L. Sikumwuliza. Nikamsahihisha kimyakimya, nikaandika L nne, nikajiona wa maana.

L nne ilikuwa imenyunyiziwa dawa juzi yake. Wakaguzi walipoona karatasi yangu wakaurudisha mzigo wote, na meneja akakisimamisha kikundi cha Kabuchai, ati wanachuma mboga yenye dawa. Mishiri ikapelekwa soko la Kamukuywa, ikanyauka huko. Nani anakula mishiri na ugali? Ng'ombe walikula.

Shangazi alikuja stoo na hasira zake, akanikuta na zangu. Kwa nini hawezi kutamka vizuri?

"Nilikwambia nini?" akaniuliza.

"Ulisema R."

"Na wewe ukaandika?"

"L. Nilidhani umekosea, shangazi."

"Ati ulinisaidia! Si ungeuliza tu, bana? Sasa nimekaa nyumbani, watoto wananiangaria."

Niliukasirikia mkataba, nikaikasirikia Ulaya, nikamkasirikia meneja, na hata mwalimu wa darasa la tatu aliyenichapa kwa sababu ya hizo herufi mbili. Wa kulaumiwa wakaisha, nikabaki mimi. Nikaenda kumwambia meneja ukweli.

Jumatatu wanawake walirudi shambani. Stoo ikaajiri mtu mwingine.

Jana shangazi alinipigia: kuna nafasi ya kuchuma. Nikamwuliza nitaanzia kipande gani.

"R nne," akasema. "Na usinisahihishe."

Nimekata kucha.