Meno Mawili ya Binti Yangu

Majirani walinicheka, wakasema mtoto wa mchunga ng'ombe wa Zagayu hamalizi chuo. Nikamaliza, nikarudi Bariadi na stashahada ya kilimo, nikajenga nyumba ya tofali za kuchoma, bati la rangi. Kwangu kila mtu alikuwa na mswaki wake, hata mama yangu, ingawa yeye aliendelea na kijiti.

Binti yangu alipokuwa na miezi sita alishikwa na homa na kuhara. Nilikuwa kijiji cha Sola, nawafundisha wakulima kupulizia pamba dawa. Mke wangu akapiga simu: zahanati haina dawa, na nauli ya kwenda hospitali hana. Nikamwambia anisubiri.

Mama yangu hakusubiri. Alimpapasa mtoto ufizi, akakuta vivimbe viwili vyeupe, akasema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua. Akampeleka kwa bibi anayeyang'oa kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Bibi yule hulipwa kuku, na kuku tulikuwa nao.

Nilipofika, shavu la mtoto lilikuwa limevimba, damu imeganda kidevuni.

"Mayu, umefanya nini?" nikamuuliza mama.

"Nimemponya, ng'wanawane. Wewe mwenyewe uling'olewa, mbona umesoma?"

Nikapapasa ufizi wangu kwa ulimi. Kweli nina mapengo mawili. Siku zote nilidhani nilianguka utotoni.

Jeraha likatunga usaha. Tukalazwa hospitali ya mkoa, kisha tukapewa rufaa ya Mwanza. Bima sikuwa nayo, nilijiona mzima. Nikakopa kwa wale wale walionicheka.

"Msomi leo kapiga hodi kwetu," mmoja alisema, huku akinipa noti.

Mtoto akapona. Daktari wa meno akaniambia ile haikuwa plastiki, yalikuwa meno yake mwenyewe, machanga.

"Ya ukubwani yataota?"

"Mpaka afike miaka kumi na kitu, mzee. Hapo ndipo tutajua."

Nikamwomba anitajie bei ya kumrudishia meno, nitafute hela popote. Akasema kwa sasa hakuna cha kulipia.

Msimu wa pili pamba yangu ilikubali. Nikawalipa wote siku moja, nyumba hadi nyumba, binti yangu mkononi. Wa mwisho alipokea, akamtekenya kidevu.

"Umeweza, bwana."

Binti akacheka kwa kinywa wazi. Meno mengine yalikuwa yameota. Pale pawili palikuwa ufizi mtupu.