Vidole Nilivyoviachia

Habari ya msiba niliipata mashineni kwangu Itetemia, Jumanne asubuhi, kwa mama mmoja aliyekuja kusagisha mahindi. Alitua ndoo, akapaza sauti kuushinda mngurumo: "Baba, yule nesi wa kuziba macho katutoka!" Nikazima mashine. Wanaonijua wanajua kwamba mashine yangu haizimwi foleni ikiwa mlangoni. Nilitoa lori langu libebe viti na waombolezaji, maana lori la kutegemewa upande wetu ni hilo hilo, na makaburini nikasimama mstari wa mbele kama ilivyo kawaida yangu. Lakini zamu ya kutupa udongo ilipofika, nilitupa kwa mkono wa kushoto. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akaninong'oneza, "Mwanangu, adabu." Nikakung'uta udongo, nikampisha wa nyuma yangu. Nawajibu ninyi leo.

Marehemu alikuwa muuguzi wa kawaida katika zahanati ndogo ya mtaani, wala hakuwa bingwa wa macho. Siku za kliniki, watoto wakishapimwa uzito, yeye aliwachukua wale wa miaka mitatu, minne, ambao shule bado, akawasimamisha barazani kwenye mstari wa chaki. Mbele yao alibandika karatasi aliyoichora mwenyewe: nyumba, jembe, ng'ombe, kikombe, kubwa juu, na chini ndogo kama punje za mtama. Mtoto haulizwi herufi. Aseme anachokiona, kwa Kiswahili sawa, kwa Kinyamwezi sawa. Mzazi kazi yake ni moja tu, kumziba jicho moja kwa kiganja, kwa kuwa mtoto huuogopa mkono wa mgeni.

Kitinda mimba wangu alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa kijijini Lusu akiuguza mgonjwa, kwa hiyo nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Kina mama kwenye foleni wakaanza: "Jamani, leo mwanaume kaleta mtoto kliniki, anueni nguo, mvua hiyo!" Nikacheka nao. Nilimwamkia nesi, akaitikia marahaba, akanionyesha jinsi ya kuziba. Jicho la kushoto nikaliziba, binti akataja picha zote kama anaimba. "Haya baba, sasa la kulia." Nilipoliziba tu, mtoto akaanza kupinda shingo, akavuta mkono wangu, akalia. Mama mmoja akasema, "Mtoto wa tajiri anadeka!" Baraza zima likacheka. Sasa mimi, ndugu msomaji, niliyeishia darasa la nne, niliyeanza kwa kusukuma toroli sokoni Isevya na leo nina mashine mbili na lori, sijawahi kukubali changu kishindwe mbele za watu. Nikaachia vidole viwili. Kidogo tu, nuru ipite. Binti akanyamaza, akataja hadi kikombe cha mwisho. Nikawageukia wale kina mama kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Nesi hakuangalia karatasi. Aliangalia mkono wangu. "Baba, kiganja chako kikubwa, lakini kina madirisha. Mlete tena Jumatatu, nitamziba mwenyewe." Nikamwambia, "Mama, huyu ameona kila kitu. Mimi sijapimwa macho tangu nizaliwe, na nimejenga." Jumatatu sikwenda. Alinitumia salamu mara mbili kwa wanawake wanaokuja kusaga. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, ameshika mwiko wa kusongea ugali. "Nimeleta cha kumzibia, ni dakika mbili tu," akasema. Nikamwambia nashusha magunia, asubiri. Akasubiri mpaka unga ukamfanya mweupe nywele na nyusi, kisha akaondoka bila kuaga. Nikafurahi kwamba ameelewa.

Binti alipofika miaka tisa, pumba zilimwingia jicho la kulia, tukalifunga kitambaa. Akainuka kwenda uani, akagonga ukuta. "Baba, mbona mmezima taa?" Ilikuwa saa sita mchana. Daktari wa macho alinieleza taratibu: jicho la kushoto kwa nje ni zima, lakini lilihitaji miwani tangu utotoni, na kwa kuwa halikuipata, ubongo ulizoea kuliacha. "Angeletwa na miaka minne tungemvisha miwani, tukaliziba lile la kulia saa chache kila siku, hili dhaifu likalazimika kufanya kazi. Sasa tutajaribu, ila usitegemee makubwa." Tulijaribu. Halikuitika. Leo yuko darasa la sita, na miwani anayovaa ni ya kulilinda lile moja lililobaki. Hajaniuliza kitu. Mama yake alimsimulia, najua.

Nilikwenda kumwomba radhi yule nesi. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwiko nilianza nao kwa sababu yako. Sikujua kwamba wazazi huachia vidole. Nilipoacha kutumia viganja vyenu, nikaanza kuwapata watoto." Basi kama kuna mtoto hapa mtaani aliyeokolewa na mwiko ule, na mimi nimo. Ndiyo sifa pekee ambayo sijawahi kujisifia.

Mji wetu umezaliwa na mizigo. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, wakarudi na vitambaa, na mpaka leo ukirusha kitu tunataja uzito wake kabla hakijatua. Hata mtoto tunamning'iniza kwenye mizani, tukaambiwa ameongezeka, tukarudi nyumbani tunatabasamu. Nani anauliza mtoto huyu mzito anaona nini? Baada ya mazishi nilipita zahanati, nikamuuliza nesi kijana nani ameirithi kazi ile. Akanijibu kwa heshima, amechoka: "Baba, tuko wawili, na foleni unaiona. Ripoti ya mwezi haina mstari wa macho. Mama alifanya kwa moyo wake." Nikauliza mwiko uko wapi. "Upo jikoni, tunakorogea uji." Ile karatasi bado iko ukutani, jua limeila mpaka ng'ombe haonekani hata na mimi. Nikasema nitachapisha mpya, nipige na rangi. Akasema asante, kisha akauliza: "Atakayesimama nayo ni nani?"

Ndiyo maana udongo niliutupa kwa kushoto. Mkono wa kulia ndio ulioziba, na mbele ya yule mama sikuuona kuwa safi. Somo ninalo moja, nalo nimelipata kwa jicho la mwingine. Ukimziba mwanao jicho moja akalia, usimwonee huruma upesi, wala usisikilize wanaocheka. Funga vidole. Huenda hadeki. Huenda umemwacha gizani, na wewe ndiye mtu pekee aliye karibu wa kulijua hilo.