Chombo cha Kuhesabia Bata

Kila msimu bata wageni walipotua kwenye bwawa la hifadhi, mhesabu ndege alijikunyata kimya nyuma ya matete. Na kila siku saa saba mchana mkewe, ambaye hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona, alisimama juu ya tuta na kapu la chakula na kuita: "Baba watoto, njoo ule, chakula kinapoa!"

Bata wote wakaruka, mume akasonya.

Siku moja, kwa hasira tu, akawahesabu walioruka. Walikuwa mara tatu ya aliowaona majini. Kumbe wengi hujificha kwenye matete.

Taarifa zake zikawa gumzo ofisini, mpaka bosi akaja mwenyewe kuuliza anatumia darubini gani.

"Keti, mkuu," alijibu, akitazama saa. "Iko njiani, inaleta chakula."