Bonde Lisilo na Miti

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha shule ya Dirma, rafiki niliyesoma naye chuo alinipa flashi yenye gemu moja la mkakati. Unapewa bonde, mto na kaya kumi, nawe unawaongoza watu hao kwa miaka mia: walime wapi, wajenge wapi, wapatane na majirani gani. Rafiki yangu alilichezea kwenye mashine kubwa ya mezani huko mjini. Mimi nilikuwa na laptop ya mtumba niliyokuwa nikiandalia mitihani ya jiografia.

Laptop haikuliweza. Mara ya kwanza nilipolifungua, kioo kilikaa cheusi muda wa kutosha kuchemsha chai, kisha bonde likaanza kutokea vipande vipande. Nikibofya nyumba, nangoja. Feni ilivuma kama mashine ya kusaga iliyo ng'ambo ya kijiji. Nilisoma kwenye simu nikaelewa kwamba gemu za siku hizi zinatengenezwa kwa mashine zenye kadi ya picha inayojitegemea. Yangu haikuwa nayo. Kazi yote ya kuchora ilifanywa na sehemu ndogo ndani ya prosesa, nayo haikuwa hata na kumbukumbu yake. Iliazima kwenye RAM ileile inayotumiwa na kila kitu kingine.

Basi nikaanza kupunguza. Kwanza niliondoa vivuli. Kisha mawingu, kisha mng'ao wa maji, hata mto ukawa kama utepe wa bluu uliobandikwa. Nikaondoa nyasi na miti. Watu wakabaki vidoti. Nilipunguza ukubwa wa picha mpaka maandishi yakawa ya kusomwa kwa kukunja uso. Na ajabu ni kwamba nilifurahia. Kila nilipoondoa kitu nilijiuliza kama gemu bado lipo, na kila mara lilikuwepo: watu walizaliwa, ghala lilijaa, majirani walituma wajumbe.

Lilikwenda vizuri kwa dakika ishirini. Baada ya hapo lilianza kusuasua, halafu kuganda kabisa. Nikizima laptop na kuipumzisha, napata dakika ishirini nyingine.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nalichezea kwenye ofisi ya walimu, nikidhani niko peke yangu, mwalimu wa fizikia akaingia kuchukua madaftari. Alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa Tumati huko milimani, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Sisi vijana tuliopangiwa shule ile kutoka mikoa ya mbali tulimwita Madam na tulimwogopa kidogo. Nilimwamkia, nikajaribu kufunga laptop. Akaniuliza hiyo feni inalia nini. Ikabidi nieleze yote, gemu na kupunguza kwangu, huku nikiona haya, maana nilitegemea aniulize kama sina kazi za kusahihisha.

Alisimama akiangalia vidoti vyangu vikitembea. Kisha akasema, "Kwa nini dakika ishirini?"

Nilisema laptop ni dhaifu.

"Udhaifu ungeonekana tangu dakika ya kwanza," alisema. "Kuna kitu kinajaa. Tafuta kinachojaa."

Hakunipa jibu. Alinipa daftari la mistari, akaniagiza niandike saa niliyoanza, saa lilipoganda, na hali ya siku ile. Na nibadilishe kitu kimoja tu kila mara. Wiki tatu niliandika. Nikiwa kwenye umeme, dakika ishirini na mbili. Nikiwa kwenye betri, likawa zito tangu mwanzo. Asubuhi na mapema, ishirini na nane. Saa nane mchana, bati likiwa limechemka juu ya kichwa changu, kumi na tano. Nilipompelekea daftari alilisoma lote akiwa amesimama mlangoni, akasema sasa tunajua kinachojaa ni joto.

Likizo fupi ilipofika alinialika kwao Tumati, akaniambia nije na laptop. Tulisafiri hadi Dongobesh, tukachukua bodaboda kupanda juu. Hewa ya kule ilinifanya nivae sweta saa sita mchana, jambo ambalo mtu wa Lindi kama mimi halizoei upesi. Mama yake, bibi mzee sana, alikuwa akianika maharage uani. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama kwetu kuna ng'ombe. Nilipomwambia ni wachache alinitazama kwa huruma.

Tulipomaliza kumsaidia maharage, tuliweka laptop kwenye meza ya mbao sebuleni. Gemu likaenda dakika ishirini, thelathini, arobaini. Lilipofika dakika hamsini bila kuganda nilisimama, nikatangaza kwamba dawa ni baridi. Tumati imeshinda.

"Dirma unaiweka wapi?" Madam aliuliza.

Nikasema chumbani kwangu, kitandani, juu ya blanketi.

"Hapa iko mezani. Umebadilisha vitu viwili, Mwalimu. Hujathibitisha kitu."

Nilikaa chini. Alikuwa amesema kweli. Tukaipooza, tukaiweka juu ya blanketi palepale Tumati. Ikaganda dakika ya thelathini na moja. Kwa hiyo vyote viwili vilikuwa na sehemu yao, na yeye bado hakuridhika. Alitaka kujua hewa inapita wapi humo ndani. Akaleta bisibisi ndogo ya kukazia miwani.

Nilisita. Sikuwahi kufungua laptop, na ile ndiyo niliyokuwa nayo. Aliniambia nifungue mwenyewe, yeye ataweka skrubu kwenye kisosi kwa mpangilio zilivyotoka. Kifuniko kilipoachia tuliona vumbi la Dirma limeshikamana kwenye njia ya hewa kama kipande cha blanketi. Nililitoa kwa brashi ya kupakia rangi, taratibu, na Madam akaonyesha kwa kidole nafasi ndefu iliyokuwa wazi kando ya RAM.

"Hapa panangoja nini?"

Palikuwa pa RAM ya pili. Nilimweleza nilichosoma, kwamba zikiwa mbili data hupita kwa njia mbili badala ya moja, na mashine inayoazima kumbukumbu ya kuchorea hufaidika kuliko nyingine. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na laptop yake iliyovunjika kioo siku bodaboda ilipoteleza kwenye tope. Alikuwa ameiweka bila kujua kwa nini. Tukaifungua nayo. RAM yake ilikuwa ya aina ileile. Ilipoingia ilitoa mlio mdogo wa kubana, na laptop ikawaka kama kawaida.

Safari hii nilirudisha picha nilizozizima, moja baada ya nyingine. Mng'ao wa maji. Nyasi. Kisha miti.

Hapo ndipo nilipoliona bonde langu. Miti ilirudi upande mmoja tu, upande wa majirani. Upande wangu, kuanzia mtoni hadi kwenye chanzo cha maji juu ya kilima, palikuwa na visiki. Miaka sitini ya utawala wangu watu wangu walikuwa wakikata, kila kaya mpya ikikata zaidi, na mimi sikuona kwa sababu nilikuwa nimezima miti. Muda mrefu nilikuwa nikijiuliza kwa nini mto unapungua na mahindi hayatoshi. Nilikuwa nimelaumu gemu, nimelaumu laptop. Na kila Jumatatu nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikifundisha mmomonyoko wa udongo.

Nilimwambia Madam hivyo hivyo. Hakucheka. Alivuta kiti, akakaa karibu na kioo kwa mara ya kwanza, akafuata mto kwa kidole hadi kwenye chanzo.

"Hawa wako wanachota maji wapi sasa?" aliuliza.

Nikamwonyesha kisima kimoja, mbali.

Tangu siku ile vivuli na mawingu nimeviacha vimezimwa, maana laptop ni ileile, na Dirma joto ni lilelile. Miti siizimi. Nayo laptop sasa inakaa juu ya vipande viwili vya ubao, hewa ipite chini.

Lakini mchana ule Tumati hayo yote yalikuwa bado. Madam aliomba bonde jipya, kaya kumi, mwaka wa kwanza. Hakujenga ghala wala kulima. Aliniuliza inabofywa wapi ili kutuma mtu mmoja nyuma ya mlima akaangalie kuna nini. Katika miezi yote ile sikuwahi kumtuma mtu huko. Nikamwonyesha kitufe, akabofya, na kidoti kimoja kikaanza kupanda, sisi wawili tukikitazama.