Tete Lenye Urefu Wangu

Mjapani mmoja, mtunzi wa riwaya, alipanga chumba kwangu Madibira. Kitabu chake kilikuwa na mzee wa kufa, akaniuliza huku kaburi tunapimaje. Mimi kwa utani nishawahi kuchekesha ng'ombe mpaka maziwa yakaganda. Nikajilaza uani kama maiti, akanipima kwa tete, kichwa mpaka unyayo, akalikata.

Kesho yake akasafiri na tete lake. Namsimulia mke wangu huku nacheka, mwiko ukamdondoka. "Baba, tete la kupimia maiti linavunjwa, linafukiwa naye! Sasa la kwako linatembea wapi?"

Nikampigia Mjapani, keshafika kwao. "Mwanangu, nirudishie tete."

"Mzee, nimelitundika juu ya meza, ndilo linanifanya niandike. Siku nikimzika yule mzee kitabuni, nitalivunja."

Jasho lilinitoka la kumwagilia mpunga skimu nzima. Tangu hapo kila wiki nampigia, namtungia uongo mpya mrefu wa kutia kitabuni, ili yule mzee aendelee kuishi.

Juzi kanishukuru sana. Kasema hadithi zimetosha.