Upande wa Kulia wa Kabati

Mama Milimita alikuwa amechoka tangu kabla siku haijaanza. Jina hilo alipewa na wenzake karakanani, maana hakubali ubao kwa kuutazama tu, lazima aupime. Mwezi huo mwenzake wa zamu alikuwa likizo ya uzazi, na mashine ya kuchongea ilimwangukia yeye peke yake. Ndiye aliyeiandikia kwenye kompyuta njia ya kufuata: ingia hapa, nenda pale, toka. Kufika jioni macho yalimwasha, na mgongo usiseme.

Alasiri hiyo wenzake walipoondoka, kaka yake aliingia na mbao mbili kwapani. Ndiye aliyemfundisha useremala. Sasa mikono yake ilitetemeka, hata kikombe kilimshinda, na kabati alilomwahidi bintiye lilikuwa limekaa nusu kwa miaka mitatu. Upande wa kushoto alikuwa ameshauchonga kwa mkono, mfereji wa mkia wa njiwa: mdomo mwembamba, chini mpana, rafu ikishasukumwa kutoka nyuma haing'oki wala haihitaji msumari. Wa kulia ulibaki mtupu.

"Wa kushoto nimekuletea wa kupimia," alisema. "Na huu wa kulia ndio wa mwisho. Mwenzake unajua ulikwenda wapi."

Alijua, maana aliuua yeye. Wiki iliyopita, kwa usingizi, aliiandikia mashine njia ya mfereji wa kawaida, kwamba ikifika mwisho iinue biti, kile kisu chake kinachozunguka. Biti yenyewe ni pana chini kama mfereji wake. Ilipoinuka katikati ya ubao ikapasua kingo zote mbili za mdomo. Kaka aliokota vipande akaenda zake. Afadhali angegomba.

Safari hii aliandika upya, akasoma kila mstari kwa kidole. Biti iingie kutokea ukingo wa nyuma, ifike inapoishia, irudi njia ile ile, isiinuke mpaka iwe nje kabisa. Akajaribu kwenye kipande kibovu, kikatoka safi. Akaubana ubao wa kaka yake, akabonyeza.

Biti ilikuwa imefika nusu umeme ulipokatika.

Mama Milimita aliketi juu ya ndoo. Aliijua tabia ya mashine ile: ikiwashwa, jambo la kwanza, bila kuulizwa, huinua kichwa, pamoja na biti yake, na kurudi kwao. Alizima swichi kuu, lakini kesho kazi za watu zingetaka iwashwe.

"Kaka, nimeuua na huu."

Kaka aliinama akachungulia. "Unafikiria biti itatokaje. Mbona ubao huufikirii? Fungua vibano, uusogeze ubao wenyewe mpaka biti itokee ilipoingilia. Polepole, usiupindishe."

Ilikuwa rahisi hata akaona aibu. Ubao uliteleza, ukatoka mzima, na nusu ya mfereji ndani yake. Lakini vipimo vya mashine vilikuwa vimepotea, na kuupanga tena pale pale kwa usahihi ni kubahatisha. Kaka alitoa mfukoni patasi na msumeno mdogo.

"Nimechoka, Kaka."

"Najua. Shika."

Miaka mingi hakuwa amechonga mfereji kwa mkono. Alikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, patasi ikamponyoka na ukuta wa mfereji ukaingia wimbi dogo. Aliweka patasi chini, machozi yakamtoka.

"Nimekuharibia."

Kaka aliuvuta ubao wa kushoto, akamshika kidole, akakipitisha ndani ya mfereji ambao Mama Milimita alikuwa ameupima mara tano, lakini mdomoni tu. Karibu na mwisho kidole kilikuta wimbi.

"Hapa ndipo mikono ilipoanza," alisema kaka. "Nilimwambia wifi yako patasi imekuwa butu."

Alimtazama kaka yake usoni. Kumbe mtu huyu aliijua siku ile ile mikono ilipoanza kutetemeka, na siri hiyo akaibeba peke yake. Alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akachukua patasi, akamalizia.

Kesho yake, nyumbani kwa kaka, binti alisukuma rafu mwenyewe. Iliingia vizuri, ikasita mahali pamoja kushoto na kulia, kisha ikapita ikakaa.

"Shangazi, mbona inasita hapo?"

Kaka alijifanya anatafuta kitambaa.

"Ndivyo tunavyochonga kwetu," alisema Mama Milimita.